Insulesheni ya paa la bati: namna ya kukokotoa roli za kununua kabla hujaenda dukani

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi kuulizia insulesheni ya paa, yaani foili au pamba ya glasi ya kuzuia joto, muuzaji atakuuliza nyumba ina ukubwa gani. Wengi hujibu "vyumba vitatu, kimoja masta." Muuzaji anaangalia juu kidogo, anapiga hesabu kichwani, kisha anataja idadi ya roli. Hapo umeshaanza kubahatisha kwa fedha zako. Nyumba mbili za vyumba vitatu zinaweza kupishana mita za mraba 50 za paa bila mtu kuona ajabu, kwa sababu moja ina baraza pana na nyingine haina, au moja paa lake limesimama na nyingine limelala.

Kosa jingine liko ndani zaidi. Watu huchukua eneo la paa, wanagawanya kwa eneo la roli, basi. Kwa pamba ya glasi hesabu hiyo inatosha. Kwa foili inakupunja, na utajua umepunjwa siku mafundi wako juu ya kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), mabati yapo chini yanasubiri, na roli imeisha. Foili huhesabiwa kwa mikanda, pamba kwa mita za mraba. Mwongozo huu unafuata tofauti hiyo tangu mwanzo hadi mwisho.

Amua kwanza inakaa wapi

Bati lililopigwa na jua la mchana linaweza kuvuka nyuzi 60 za Selsiasi. Sehemu kubwa ya joto hilo huteremka kama miale, ile unayoisikia utosini ukikaa sebuleni saa nane mchana hata kama dirisha limefunguliwa. Foili, yaani ile karatasi inayong'aa kama fedha, hurudisha au huzuia takriban asilimia 95 ya miale hiyo, lakini kwa sharti moja: uso wake unaong'aa uwe umetazamana na hewa. Iachie nafasi ya sentimita 2 au zaidi. Ikigusana na bati juu na ubao wa dari chini, inageuka kuwa bati jingine jembamba, joto linapita moja kwa moja.

Pamba ya glasi, ile ya njano au nyeupe inayowasha ngozi, hufanya kazi kwa kushika hewa isitembee. Haitaki nafasi mbele yake ila inataka unene wake usibanwe. Ina faida ambayo foili peke yake haina: inapunguza kelele za mvua. Kama tatizo lako ni kwamba mvua ikinyesha hamsikilizani mezani, usitegemee foili.

Kwa nyumba ya pwani, kuanzia Mtwara hadi Mombasa, inayojengwa sasa na bado haijaezekwa, ningeweka foili chini ya mabati na kuacha matundu ya hewa kwenye kingo za paa. Kwa Njombe, Mbeya au Limuru, ambako usiku ni baridi, ningetanguliza pamba juu ya dari, kwa sababu huko unachotaka ni joto la ndani lisitoroke. Huko huko nyanda za juu foili ina kazi ya pili: alfajiri mabati hutoa jasho, maji yanadondoka kwenye dari, na foili iliyolazwa vizuri huyapokea na kuyateremsha hadi nje ya ukuta.

Nyumba iliyokwisha kuezekwa ni habari nyingine. Kufumua mabati ili kupitisha foili ni kazi ya gharama na misumari ikitoka inaacha matundu. Hapo pamba ipitie kwenye mlango wa dari, maisha yaendelee.

Vipimo vya paa

Unahitaji futi kamba ya mita 10 au zaidi, pimamaji, kalamu, na mtu wa kushika upande wa pili. Pima kutoka ukingo wa paa hadi ukingo wa paa, si kutoka ukuta hadi ukuta. Nyumba yenye kuta za mita 12 kwa 9, na paa lililotokeza sentimita 60 kila upande, ina paa la mita 13.2 kwa 10.2 likitazamwa kutoka juu. Hiyo ni mita za mraba 134.6, wakati nyumba yenyewe ni 108. Tofauti imeshakuwa robo kabla hatujagusa mteremko.

Sasa mteremko. Shika pimamaji lililolala sawasawa, ncha moja ikigusa mbao ya kenchi iliyolala kimteremko. Kutoka kwenye ncha hiyo hesabu mita moja kwa mlalo, kisha pima wima umbali wa kufikia mbao. Ukipata sentimita 27, paa lina nyuzi 15 na utazidisha eneo kwa 1.035. Sentimita 36 ni nyuzi 20, zidisha kwa 1.064. Sentimita 47 ni nyuzi 25, zidisha kwa 1.103. Sentimita 58 ni nyuzi 30, zidisha kwa 1.155. Paa la kuficha, lile lililozungukwa na ukuta juu, mara nyingi limelala kiasi kwamba mteremko hauongezi chochote cha maana.

Kuna njia ya mkato ambayo mafundi wengi hawakuambii. Kama mabati yako yalikatwa kiwandani kwa kipimo, chukua risiti. Urefu wa bati ulioandikwa pale ni urefu wa mteremko wenyewe, pamoja na sentimita chache zinazotokeza kwenye ukingo. Hakuna haja ya kupanda popote. Ila usitumie idadi ya mabati kukadiria eneo, kwa sababu kila bati linalaliana na jirani yake na upana wake wa kazi si upana wake halisi.

Paa letu la mfano, la mgongo wa tembo (lenye pande mbili tu) na nyuzi 20: kila upande una mteremko wa mita 5.1 mara 1.064, yaani mita 5.43. Eneo lote ni mita za mraba 143.

Foili: hesabu mikanda

Soma lebo ya roli. Vipimo hutofautiana, nitatumia roli ya upana wa mita 1.25 na urefu wa mita 40, ambayo ni mita za mraba 50. Anayegawanya eneo atasema 143 kwa 50 ni 2.86, kwa hiyo roli tatu. Tumfuate fundi juu ya paa tuone.

Foili inalazwa kwa mlalo, sambamba na mgongo wa paa, ukianzia chini ukingoni kwenda juu, ili mkanda wa juu ulalie wa chini na maji yasipate pa kuingilia. Kulaliana kuwe sentimita 15. Kwa hiyo mkanda wa kwanza unafunika mita 1.25, na kila mkanda unaofuata unaongeza mita 1.10 tu. Mkanda wa nne unakufikisha mita 4.55. Bado hujafika mita 5.43. Unahitaji mkanda wa tano, utakaofika mita 5.65, na zile sentimita 22 za ziada unazikunja kuvuka mgongo wa paa upande wa pili. Usizikate, zinaziba pale ambapo foili nyingi huachwa wazi.

Mikanda mitano kila upande, pande mbili, ni mikanda 10. Kila mmoja mita 13.2. Jumla mita 132. Roli tatu zina mita 120. Umepungukiwa.

Ukiwa na roli nne za mita 40, kila roli inatoa mikanda mitatu (mita 39.6), kwa hiyo roli ya nne utaikata mkanda mmoja tu na mita karibu 27 zitabaki. Hapa ndipo inapofaa kuuliza muuzaji kama ana roli za urefu mwingine. Akiwa nazo za mita 60, roli moja ya 60 inatoa mikanda minne na roli mbili za 40 zinatoa sita. Kumi kamili, mabaki mita 8 tu. Roli tatu tupu za mita 60 zingekuachia mita 48 zisizo na kazi. Kuchanganya urefu namna hii hakukupunguzii ubora wowote, mradi zote ni aina moja.

Angalizo moja: mikanda mitatu kwenye roli ya mita 40 inaacha sentimita 40 pekee. Roli ikiwa imepungua kidogo kiwandani, au fundi akikata kwa kukadiria macho, mkanda wa tatu hautafika. Kata kwa kupima, na kiungo kikilazimika kiwe juu ya mbao ya kenchi, kilaliane sentimita 15.

Paa la pande nne

Watu hudhani paa la pande nne lina eneo kubwa kuliko la mgongo wa tembo. Kama ukingo ni ule ule na mteremko ni mmoja pande zote, eneo ni sawasawa, mita za mraba 143 zile zile. Kinachoongezeka ni upotevu, kwa sababu kila mkanda hukatwa kwa urefu wa ukingo wake wa chini, na ncha zake huchongwa kwa mshazari.

Nimeupigia hesabu mfano wetu. Upande mrefu mikanda inapungua kutoka mita 13.2 hadi karibu 4.9 juu, upande mfupi kutoka 10.2 hadi karibu 1.9. Jumla ya pande zote nne ni mita 151 badala ya 132, karibu asilimia 15 zaidi. Basi kama huna subira ya kuchora, hesabu paa la pande nne kama la mgongo wa tembo, kisha ongeza asilimia 15. Paa lenye mabonde na vipaa vidogo juu ya madirisha lichore kipande kwa kipande kwenye karatasi ya hesabu. Hakuna asilimia ya kuaminika kwa paa la namna hiyo.

Foili yenye uso mmoja unaong'aa ilazwe uso huo ukitazama chini. Fundi atabisha, kwa sababu jua liko juu. Mwache abishe. Uso uliotazama juu hukusanya vumbi na baada ya muda unapoteza kazi. Uliotazama chini unabaki safi, na kwa kuwa uso unaong'aa pia hautoi miale kirahisi, joto linakwama pale pale. Ndiyo maana pia kutandaza foili juu ya dari, iking'aa kuelekea juu, ni fedha iliyotupwa kwenye nyumba yenye vumbi.

Na nafasi ya hewa? Njia nzuri ni kulaza foili juu ya kenchi na kupigilia papi, zile mbao za kushikia mabati, juu yake. Unene wa papi, kwa kawaida sentimita 5, ndio unaokuwa nafasi kati ya foili na bati. Ikiwa papi zimeshapigwa, foili ilegezwe kidogo ibonyee kati ya papi na papi, na kulegea huko kunakula urefu ikiwa mikanda inapanda mteremko kutoka ukingo hadi ukingo. Ongeza sentimita 30 kwa kila mkanda.

Pamba juu ya dari

Hapa eneo ni la ndani ya kuta. Nyumba yetu yenye kuta za tofali la inchi 6 ina ndani mita 11.7 kwa 8.7, yaani karibu mita za mraba 102. Mteremko hauingii kabisa. Baraza na gereji zitoe, hakuna anayelala huko. Kuta za ndani usizitoe, pamba inapita juu yake.

Pamba hailaliani. Vipande vinasukumwa vikagusana, na mabaki ya huku yanajaza pengo la kule, kwa hiyo kugawanya eneo kunatosha. Roli ya mita 1.2 kwa 15 ni mita za mraba 18. 102 kwa 18 ni 5.7, nunua sita. Mbao za dari zinachukua nafasi kidogo ambayo kinadharia ungeitoa. Usiitoe, hiyo ndiyo akiba yako ya makosa ya kukata. Ukitaka tabaka mbili, nunua 12.

Unene ndio unaochanganya watu dukani. Uwezo wa pamba kuzuia joto huandikwa kwa herufi R, na hupatikana kwa kugawanya unene, ukiwa kwa mita, kwa kiwango ambacho pamba hupitisha joto. Kwa pamba ya kawaida kiwango hicho ni takriban 0.04, kwa hiyo sentimita 5 zinatoa R ya 1.25, na sentimita 10 zinatoa 2.5. Lakini mzigo uliotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia vipimo vyao, na namba yake inaonekana kubwa ajabu. Igawanye kwa 5.68. R-13 yao ni kama 2.3 yetu, pungufu ya ile 2.5 iliyoonekana ndogo kwenye rafu ya jirani. Kabla ya kulinganisha bei, hakikisha R mbili ni za kipimo kimoja.

Kwa pwani sentimita 5 zinaleta nafuu unayoisikia. Nyanda za juu ningelaza tabaka mbili za sentimita 5 badala ya moja ya 10: la kwanza kati ya mbao za mbili kwa mbili za dari, la pili likikatiza juu yake ili lifunike na mbao zenyewe. Usinunue ya sentimita 10 ukaibana kwenye nafasi ya sentimita 5. Pamba ikishindiliwa hewa inatoka, na utakuwa umelipia 10 ukapata kazi ya 5 na ushee.

Kabla hata ya kununua, panda darini siku ya mvua na tochi. Pamba iliyolowa haizuii joto, na inakaa na maji yale juu ya jipsamu wiki nzima. Paa linalovuja lizibwe kwanza.

Vidogo vinavyosahaulika

Gundi ya kuzibia foili, ile tepu ya kung'aa, huhesabiwa kwa urefu wa viungo. Mfano wetu una viungo vinne vya mita 13.2 kila upande, na kimoja mgongoni: karibu mita 119. Ikiwa tepu ni ya mita 45, ni tepu tatu. Kama kenchi zimeachana zaidi ya mita moja, nunua waya laini wa kufungia nondo uupitishe chini ya foili isining'inie. Kwa pamba inayowekwa moja kwa moja chini ya bati bila dari, kama kwenye ghala, kinachotumika ni wavu wa kuku. Roli ya mita 0.9 kwa 30 inafunika mita za mraba 27 kabla ya kulaliana. Barakoa, glovu na shati la mikono mirefu kwa kila fundi, si kwa fundi mkuu peke yake. Na kazi ya darini ianze alfajiri, ikome saa nne asubuhi. Baada ya hapo ni tanuri.

Umeme

Foili ni metali. Inapitisha umeme. Mwaka 2009 serikali ya Australia ilianzisha mpango mkubwa wa kuwawekea wananchi insulesheni majumbani, na kabla haujasitishwa Februari 2010 vijana wanne walikuwa wamekufa kazini. Watatu kwa umeme, na kwenye kifo cha kwanza pini ya chuma iliyokuwa ikishikilia foili ilipenya kwenye waya. Mwingine aliuawa na joto la darini. Kwa hiyo zima swichi kuu, usiamini swichi ya ukutani, na pale waya unapopita usipige pini wala msumari. Kama nyumba ina umeme tayari na foili itapita karibu na waya, mwite fundi umeme kwanza.

Pamba haipitishi umeme, ila inafunika. Waya uliozikwa kwenye pamba hauwezi kupoa, hivyo uinue ulale juu yake. Taa zilizozama kwenye dari ziachie nafasi ya sentimita 8 kila upande, isipokuwa zimeandikwa kwamba zinaruhusu kufunikwa.

Dukani

Linganisha bei kwa eneo linalofunikwa, si kwa roli. Foili ya mita 1.25 ikilaliana sentimita 15 inafunika asilimia 88 tu ya eneo lake, kwa hiyo roli ya mita za mraba 50 kazi yake ni 44. Roli nyembamba ya upana wa mita 1 ikilaliana vivyo hivyo inafunika asilimia 85. Gawanya bei kwa eneo la kazi, na mara nyingine ile iliyoonekana rahisi ndiyo ghali.

Kubaliana na muuzaji kwa maandishi kwenye risiti kwamba roli isiyofunguliwa inarudishwa. Wengi hukubali ukiomba kabla ya kulipa na hukataa ukiomba baada. Pamba ya roli 12 inajaza kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, hata ikiwa imebanwa, kwa hiyo uliza nauli mapema, na usikubali ikalazwe chini ya mifuko ya saruji. Mzigo ukifika, fungua roli moja ya foili barazani na upime urefu wote kwa futi kamba kabla fundi hajaanza kukata. Ikiwa lebo inasema mita 40 na wewe umepata 38, roli hiyo haitatoa mkanda wa tatu, na ni rahisi kuirudisha ikiwa bado nzima.